Nyumba Iliyokaa Mpakani

Asubuhi ile Keturah Maddox alikuwa ameinama kwenye bustani yake ya haradali, akipalilia, aliposikia mnyororo ukiburutwa kwenye nyasi. Hakuinua kichwa upesi. Kwenye uwanda wetu huku Kansas mtu humwona mgeni tangu angali nukta, na hawa alishawaona kabla kahawa haijachemka: wanaume watatu kutoka mji wa reli, wawili wakivuta mnyororo wa kupimia ardhi, wa tatu amekaa juu ya farasi bila kazi yoyote. Huyo wa tatu alikuwa Orrin Whitcomb, mwenye duka kubwa pale Tarrant.

Wapimaji waliipita nyumba, wakakipita kisima, wakaingia bustanini wakikanyaga mboga. Walichomeka mti wenye kitambaa chekundu katikati ya haradali, wakasimama kando kujipangusa jasho.

"Habari za asubuhi, shangazi," alisema Whitcomb, ambaye alikuwa amemzidi Keturah umri kwa miaka mingi tu.

"Sikumbuki kaka yangu yeyote kuzaa mtoto wa rangi yako," alijibu Keturah. "Sema kilichokuleta."

Mmoja wa wapimaji alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Whitcomb hakukasirika. Alikuwa mtu wa kutabasamu, na hilo ndilo lililowafanya watu wa Mamre, makazi yetu, wamwogope.

"Unaona bendera ile? Pale ndipo shamba lako linapoanza. Kuanzia pale kwenda mashariki. Nyumba yako yote, mlango, kitanda na jiko, iko huku kwa jirani yako Spears. Miaka mitano hii umelala kwenye ardhi ya mtu mwingine, na sheria inasema asiyelala kwenye shamba lake hana shamba. Nimeshapeleka pingamizi kwa afisa wa ardhi."

"Na likishakuwa si langu, litakuwa la nani?"

"La atakayewahi kuliomba."

"Naye huyo atakayewahi ni nani?"

Whitcomb alitazama upande wa mashariki, kule ambako kijito kilipita kati ya miti michache iliyokuwepo maili nyingi kuzunguka pale. "Treni zinakunywa maji kupita ng'ombe," alisema. "Na wewe una kijito ambacho hakikauki kiangazi. Usinione mbaya. Hii ni kazi tu."

Keturah aliweka jembe chini, akaenda akaushika ule mti kwa mikono miwili, akaung'oa. Aliutupa miguuni pa farasi.

"Hiyo ni alama halali," alisema yule mpimaji aliyecheka, safari hii hacheki.

"Basi aliyeihalalisha aje aichomeke mwenyewe. Anajua ninapokaa."

Walipokwisha kuondoka, hakuliokota jembe lake. Hakuwa na hofu ya Whitcomb, au tuseme hofu hiyo ilikuwa ndogo. Kilichomtisha ni kwamba alijua, pale pale aliposimama na udongo vidoleni, kwamba huenda yule mtu alikuwa akisema kweli.

Makazi ya Mamre yalianzishwa na watu waliotoka Kentucky, wengi wao wamezaliwa utumwani. Kitabu cha historia ya kaunti kinasema kaunti ilianza reli ilipofika Tarrant. Aliyekiandika hakutuuliza. Wakati Tarrant ilikuwa nyasi na panzi, Mamre walikuwa wamekwisha kuchimba mashimo ubavuni mwa kilima na kuyaezeka kwa matawi, na kuzika wafu wao wa kwanza. Baridi ya mwaka ule ingewamaliza kama si wawindaji wa Kiosage, kabila la wenyeji wa nchi ile, waliopita njiani wakirudi kwenye eneo walilopangiwa kuishi. Waliyatazama yale mashimo, wakawatazama watoto, wakaacha nyama, wakaenda zao. Walikuwa wametoka kuwinda kwenye nchi iliyokuwa yao juzi tu, na hakuna mtu wa serikali aliyewauliza mipaka yao ilikuwa wapi.

Sheria ya mashamba ilikuwa rahisi kuisikia na ngumu kuiishi. Chagua kipande, jenga, lima, lala hapo miaka mitano, leta mashahidi, kisha ni chako. Mwanamke asiye na mume alikuwa na haki hiyo sawa na mwanamume. Mwanamke mwenye mume hakuwa nayo. Mke na mume walihesabiwa shamba moja, na shamba hilo lilikuwa la mume.

Hapo ndipo palipoanzia nyumba ile ya ajabu. Watu wa Mamre walikuwa wamekulia kwenye vibanda vilivyogusana, na ukubwa wa uwanda uliwatisha kuliko njaa. Kwa hiyo walijenga wawili wawili, kila jozi pande mbili za mpaka, kisima kimoja, moto mmoja wa kuazimana makaa. Keturah na Lemuel Spears waliwashinda wote: walijenga nyumba moja tu, juu ya mpaka wenyewe. Walipendana tangu safarini, lakini wakakubaliana kusubiri hadi kila mmoja apate hati yake ndipo waoane. Waliikata ardhi kwa plau, vipande vizito pamoja na nyasi na mizizi yake, wakavipanga kama matofali hadi vikawa kuta. Ndani walitundika pazia la magunia ya unga kuanzia ukuta hadi ukuta, pale mpaka ulipopita. Kitanda cha Keturah kilikuwa mashariki ya pazia, cha Lemuel magharibi, na jiko lilisimama katikati, miguu miwili huku na miwili kule. Lemuel alikuwa akisema kwamba akikoroma, anakoroma kihalali kwenye shamba lake.

Wanawake wa kanisani walikuwa na la kusema kuhusu pazia hilo. Bibi Dorcas, mkubwa wao, alikuwa na tabia ya kupita kuazima chumvi alfajiri, akiwa na chumvi tele kwake, ili ajionee kama kila mtu ameamkia upande wake. Kila mara alikuta kila mtu upande wake, na kila mara aliondoka hajaridhika.

Mpaka wenyewe ulipimwa kwa gari la farasi la Mchungaji Absalom Gaines, kama mipaka yote ya Mamre. Hawakuwa na mnyororo. Walifunga kitambaa kwenye gurudumu la nyuma, mtu akatembea kando akihesabu kila kitambaa kinapogusa chini, wakaondoka kwenye jiwe la serikali la alama ya mpaka, lililo magharibi, karibu na kwa Gaines, wakaenda mashariki shamba baada ya shamba, wanaimba. Mzunguko wa gurudumu Gaines alikuwa ameupima kwa kamba kule Kentucky, uani kwake. Lakini njiani joto lilikausha mbao za gurudumu, ukanda wake wa chuma ukalegea, na mhunzi mmoja akaukata na kuuunga upya, mdogo kidogo. Gurudumu lililofika Kansas halikuwa lile lililoondoka Kentucky, na hakuna aliyekumbuka kulipima tena. Kila mzunguko ulipunja kidogo. Mapunjo yaliongezeka shamba kwa shamba, na Keturah alikuwa karibu na mwisho wa msafara.

Siku ile ya bendera Lemuel alirudi mchana kutoka mahindini, akasikiliza habari yote akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kufikiri taratibu.

"Kumbe miaka yote hii ulikuwa mgeni wangu," alisema mwishowe. "Ungeniambia ningekuchinjia kuku."

Keturah hakucheka. Alimwekea mkate wa mahindi na mafuta ya nguruwe, akakaa upande wake wa pazia.

"Tuoane Jumapili hii," alisema Lemuel, sauti imebadilika. "Mwache Whitcomb na kijito chake. Shamba langu linatutosha. Sisi wawili tunakula kiasi gani?"

"Siongelei kula."

"Najua."

"Hujui, Lem. Mimi nimeshawahi kukaa kwenye ardhi ya mtu. Nilizaliwa juu yake. Nikaitwa Maddox kwa sababu mwenye ardhi aliitwa Maddox, na huyo ndiye aliyemuuza mama yangu siku ya soko watu wakila karanga. Jina hili sikulipenda hata siku moja. Ila nililibeba mpaka huku kwa sababu nataka liandikwe kwenye ardhi mara nyingine, na safari hii mwenye jina niwe mimi."

"Nitakuandikia nusu."

"Utaniandikia kwa jina gani? Mama Spears?"

Lemuel alimega mkate, akaurudisha kwenye sahani.

"Nakupenda," alisema Keturah, kwa sauti ya mtu anayegomba. "Nakupenda na unajua. Lakini sitaolewa kwa kufukuzwa. Nikija kwako nitakuja nikiwa natoka mahali, si nikiwa sina pa kwenda."

"Basi tutaenda mbele ya afisa," alisema Lemuel. "Nitakuwa shahidi wako."

"Shahidi ambaye kitanda changu kiko kwake. Watacheka mpaka walie."

Jumapili baada ya ibada Mchungaji Gaines aliwaomba watu wabaki. Alikuwa mtu wa kifua kipana, aliyewaongoza kutoka Kentucky, akazika watoto wao na kubatiza waliozaliwa, na sauti yake ilizoea kutiiwa. Siku hiyo ilitoka ndogo.

"Dada Keturah," alisema, "wote tunajua kilichotokea. Gurudumu ni langu, na kosa ni langu. Usiku silali. Lakini nakuomba ufikirie watu hawa. Afisa akikuuliza nani alikupimia, ukimtaja mtu wa gari, atauliza gari hilo lilipima nani mwingine. Na lilipima kila mtu humu ndani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sema ulipima mwenyewe."

Keturah alitazama benchi kwa benchi. Aliwaona wakitazama viatu vyao. Ndipo akaelewa kwamba walishalizungumza kabla hajaja, na walishakubaliana.

"Mmekwisha kunitoa kafara," alisema. "Mlingoja tu nije nijue."

"Usiseme hivyo, mwanangu," alisema Bibi Dorcas. "Wewe una pa kwenda. Lemuel huyo hapo. Sisi wengine tuna watoto."

"Lemuel si pa kwenda, Bibi. Lemuel ni mtu."

"Usinikate maneno, nimekushika mkono ulipokuwa na homa."

"Ulinishika, na sisahau. Ndiyo maana inaniuma." Keturah alisimama. "Nisikilizeni basi, kisha mfanye mtakavyo. Whitcomb ana mnyororo. Mnyororo haukuishia kwangu, mmeuona wenyewe ukiburutwa kwenye mashamba yenu. Ameanza na mimi kwa sababu mimi ni mwanamke sina mume na nina maji. Akishaweka pampu atataka barabara ya kwenda kwenye pampu. Hosea, barabara hiyo itapita wapi kama si kwako? Mnadhani akila kijito atashiba?"

Hosea Tubbs, aliyepakana naye upande wa kusini, alimhamisha mtoto kutoka goti moja hadi jingine.

"Wakati mwingine," alisema Gaines, "kukaa kimya ndiko kunakookoa."

"Mchungaji, tulikaa kimya Kentucky maisha yetu yote. Nitajie mtu mmoja aliyeokolewa."

Keturah alivaa kofia yake.

"Nitakwenda Tarrant na mdomo wangu mwenyewe," alisema. "Utakachotoa mtakisikia huko huko."

Kesi ilisikilizwa Tarrant, chumba cha juu, juu ya duka la mbao na misumari. Mamre yote ilikuja. Viti vilikuwepo, lakini vilikuwa vya watu wa Tarrant, kwa hiyo Mamre walisimama nyuma, wamebanana ukutani, kofia mikononi. Afisa wa ardhi aliitwa Eames. Alikuwa mwembamba, na mafua yalimfanya apige chafya kila baada ya maneno machache. Whitcomb alikaa mbele, mguu juu ya mguu, na mpimaji wake akaeleza habari za mnyororo na bendera. Alieleza vizuri. Hakukuwa na uongo ndani yake.

Kisha Eames akamgeukia Keturah. Alimwuliza alilima kiasi gani, akasema. Alimwuliza kisima kilichimbwa na nani, akasema yeye na Lemuel, yeye chini akichimba, Lemuel juu akivuta ndoo, kwa sababu mabega ya Lemuel hayakuenea shimoni. Watu wachache wa Tarrant walicheka kwa wema. Lemuel alipoitwa alisema kwamba katika miaka mitano hajapata kuvuka pazia ila kuwasha jiko, na chumba kizima kikacheka, na kicheko hicho hakikuwa cha wema. Keturah alisubiri kiishe.

"Mpaka mliojengea juu yake," aliuliza Eames, "nani aliupima?"

Keturah aligeuka nyuma. Alimwona Mchungaji Gaines, jasho likimtiririka shingoni. Alimwona Bibi Dorcas amefumba macho. Alimwona mke wa Hosea amembana mtoto kifuani kwa nguvu hadi mtoto akaanza kulalamika. Aliwachukia. Pale pale aliwachukia wote, kabisa, kwa jinsi walivyomtazama kama watu wanaomwangalia mwenye kisu. Wakati huo huo akaona Whitcomb naye amegeuka, anawatazama hao hao kwa tabasamu lake, anangoja. Kumbe alikuwa amekuja kulisikia jibu hilo. Alitaka Mamre yote, na alitaka Keturah ndiye ampe.

"Mimi mwenyewe," alisema Keturah.

"Kwa chombo gani?"

"Kwa miguu yangu."

Whitcomb aliacha kutabasamu.

"Basi," alisema Eames, akichukua kalamu, "kosa ni lako."

"Kosa ni langu," alisema Keturah, "na shamba ni langu. Andika yote mawili."

"Siwezi kuandika yote mawili, mama."

"Kwa nini? Bwana Whitcomb huyu amelala kwake miaka yote na hajakosea kitu, kwa sababu hajalima kitu. Mimi nimekosea kwa sababu nimefanya. Ardhi ile ilikuwa nyasi. Sasa inatoa mahindi. Aliyeyatoa mahindi hayo alilala hatua chache upande usiofaa. Kama serikali inataka mtu asiyekosea, impe yeye. Kama inataka mkulima, mimi hapa. Sitoki."

Eames alipiga chafya, akajipangusa, akaanza kuandika. Kila mtu aliweza kuona kutokana na uso wake kwamba alichokuwa akiandika hakikuwa kizuri kwa Keturah.

"Anadanganya," ilisema sauti kutoka nyuma.

Mchungaji Gaines alikuwa ametoka ukutani. Alipita katikati ya viti bila kuomba njia, na sauti yake safari hii ilikuwa ile ya kawaida, ile ya kusikika hadi ng'ambo ya kijito.

"Anadanganya kwa sababu mimi nilimwomba kanisani adanganye, nikiwa nimesimama mbele ya Mungu, na nimeaibika. Gari langu ndilo lililopima. Gurudumu lilikuwa pungufu nami sikulipima upya. Nyumba yangu yenyewe iko sawa, kwa kuwa niko karibu na jiwe. Hao wote walio mashariki kwangu wamepunjika kwa sababu yangu. Ukitaka kumwondoa mtu kwa kosa hilo, anza na mimi."

"Mchungaji, rudi nyuma," alisema Whitcomb.

"Sikuja kwako, Orrin."

"Nyumba yangu nayo iko kwa watu," alisema Bibi Dorcas, amefumbua macho, na kidevu kimeinuka. "Kuta zote nne. Banda la kuku ndilo liko kwangu. Kuku wangu ndio wenye shamba. Liandike hilo, baba."

Kisha Hosea Tubbs akasema lake, na mkewe, na mwingine, na mwingine. Si wote. Wapo walioshuka ngazi kimya kimya wakati wengine wakisema, na majina yao hapa kwetu tunayajua mpaka leo.

Eames aliiweka kalamu chini. Uso wa Whitcomb ulikuwa umewiva.

"Vizuri," alisema Whitcomb. "Nitawapinga wote. Kila mmoja."

"Tupinge," alisema Keturah. "Lakini utatupinga wote siku moja, chumba kimoja, na kila mmoja atasema yote aliyofanya kwenye shamba lake tangu siku ya kwanza, hatua kwa hatua, na sisi tunapenda kusema. Na utuletee viti."

Mtu mmoja wa Tarrant, fundi wa viatu, alipiga goti lake kwa kucheka. Eames alimgeukia Whitcomb, macho yake mekundu kwa mafua.

"Bwana Whitcomb, ulikuja hapa kuomba kijito au kaunti nzima?"

Whitcomb alishusha mguu wake chini.

Uamuzi wa Eames ulikuwa wa mtu aliyetaka kwenda kulala. Alisema waliokaa kwa nia njema juu ya mpaka ambao majirani wote waliukubali, miaka yao itahesabiwa. Lakini sasa mpaka wa kweli unajulikana. Atapita tena baada ya jalidi ya kwanza, umande ukianza kuganda, na yeyote atakayemkuta hana nyumba ya kukalika kwenye shamba lake, pingamizi juu yake litasimama. Akapiga chafya, akawafukuza wote.

Barabarani Gaines alimfikia Keturah, akatembea kando yake.

"Nimechelewa kusimama, Dada."

"Umechelewa sana," alisema Keturah. "Sijui kama nimekusamehe. Nikishajua nitakuambia. Kesho njoo na plau."

Walikuja na maplau yao, farasi na nyumbu, mashoka, masufuria, na watoto wa kubeba maji. Kwa kuwa Keturah ndiye aliyepingwa, walikubaliana waanze na yeye. Alipotoka nje na kahawa aliwakuta wameshachagua mahali: hatua chache tu kupita pale bendera ilipokuwa imechomekwa, karibu na kisima, karibu na Lemuel, karibu na moshi wa kila mtu. Hosea alikuwa ameanza kukata vipande vya kwanza.

Keturah aliwapita. Alipita bustani, akapita mahindi, akashika njia ya mashariki bila kugeuka, na watu wakamfuata mmoja mmoja kwa kutojua la kufanya. Alivuka kijito, sketi mkononi, akapanda upande wa pili, akaenda mpaka nyumba za Mamre zikawa vichuguu. Huko hakukuwa na kitu. Alizunguka akitazama pande zote, akachimba kisigino ardhini.

"Hapa," alisema.

"Hapa?" Bibi Dorcas alifika akihema. "Mwanangu, huku utasikia upepo tu."

"Nitausikia."

"Ukiugua nani atajua?"

"Utakuja kuazima chumvi, Bibi, ujionee."

Watu walicheka, na Bibi Dorcas akacheka mwisho, bila kupenda. Gaines alitikisa kichwa. Akasema kisima kiko mbali, majirani wako mbali, hata jiwe la serikali liko mbali.

"Ndivyo ninavyotaka," alisema Keturah. "Hapa ni katikati. Mtu akija tena na mnyororo wake, apime kwenda upande wowote anaotaka, na akosee kiasi anachotaka. Atanikuta bado niko kwangu. Nimechoka kukaa ukingoni mwa kitu changu."

Lemuel alikuwa amesimama nyuma ya wote na nyumbu wake. Uso wake ulikuwa mzito. Alitazama kule walikotoka, ambako nyumba ilibaki na vitanda viwili, na sasa itabaki na kimoja.

"Mbali hivyo, Ketu?"

"Miguu unayo."

Alifikiri taratibu kama kawaida yake. Kisha akalichomeka plau ardhini pale kisigino kilipokuwa kimeacha alama, akamwita nyumbu, na uwanda ukafunguka mweusi.

Kuta zilikuwa juu kabla mahindi hayajakauka, na paa likafuata. Kisha waliwahamia wengine, nyumba kwa nyumba. Jalidi ilipoanguka Eames alipita, amepona mafua, akaingia ndani ya nyumba ya Keturah, akapasha mikono jikoni, akatoka. Karatasi iliyokuja baadaye ilikuwa na jina Maddox, na Keturah aliisoma mara nyingi, kwanza kwa furaha, kisha kwa machozi kwa ajili ya mama yake, kisha akaifungia sandukuni akaenda kukamua ng'ombe.

Jumapili iliyofuata Lemuel Spears alivaa koti lake la kanisani, akavuka kijito, akapanda ule upande wa pili. Keturah alimwona tangu alipokuwa nukta. Aliingia ndani, akafunga mlango, akakaa kitini mikono mapajani.

Lemuel alifika akasimama nje. Miaka mitano walikuwa wameishi chini ya paa moja, na katika miaka hiyo yote hakuna siku aliyopata kubisha hodi kwake. Sasa alibisha, mara moja, polepole, kama mtu asiye na uhakika.

Keturah alikaa akiusikiliza mlango wake, mtu akiwa nje yake, anaomba. Alipokwisha kuisikia raha hiyo mpaka ikamtosha, alisema karibu.